Ombi Ndilo Lililokataliwa

Barua ya kukataliwa kazi siku hizi haina bahasha wala muhuri. Huingia kwenye simu saa yoyote, na mwenye simu anaweza kuwa popote: shambani anachuma pamba, kwenye foleni ya maji, au ndani ya hiace inayotoka Bariadi kuja Lagangabilili, amebanwa katikati ya magunia na watoto wa watu. Huanza kwa shukrani. Husema waombaji walikuwa wengi na wenye sifa nzuri. Baada ya hapo huja sentensi moja ndefu ambayo aliyezoea kuzipokea huijua kabla hajaimaliza.

Nimeishi hapa muda mrefu kiasi cha kukumbuka wakati ambapo barua hizo zilikuwa chache, kwa sababu na maombi yenyewe yalikuwa machache. Aliyebahatika kusoma aliondoka, na tulisikia habari zake akishapata kazi. Leo Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi katika kipindi kilekile cha mwaka 2012 ambapo Mkoa wa Simiyu ulianzishwa. Tuna ofisi za halmashauri, tuna mabenchi ya mawakala wa simu kila kona, tuna vijana wenye shahada wanaoishi kwa wazazi wao. Karibu kila kaya yenye msomi ina mtu anayesubiri jibu kutoka mahali fulani.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mmoja wao. Alikuwa ameomba kazi ya umeneja wa bidhaa katika kampuni moja ya Dar es Salaam inayotengeneza huduma za fedha kwa simu. Alipita hatua ya kwanza, akapita ya pili, akapewa zoezi la kufanya nyumbani, akaitwa kuzungumza na wakubwa. Kisha ikaja ile sentensi ndefu.

Dada yangu alidhani ni kazi ya kusimamia ghala, na wengi wa rika letu wangedhani hivyo. Bidhaa inayosemwa hapa haijazwi kwenye gunia. Meneja wa bidhaa husimama katikati ya watu watatu: mteja mwenye shida, fundi wa programu mwenye uwezo wa kujenga, na mwenye kampuni anayetaka fedha zake zirudi. Kazi yake ni kuamua nini kijengwe kwanza, nini kisubiri, nini kiondolewe kabisa, na kuweza kueleza kwa nini. Mpwa wangu aliieleza vizuri zaidi kwa kumtumia bibi yake. Bibi anapobonyeza *150*00# kuangalia kama fedha alizotumiwa zimefika, hasomi menyu. Amekariri mpangilio wa namba kama mtu anavyokariri njia ya kwenda kisimani gizani. Siku mpangilio ukibadilishwa bibi anapotea, na inambidi amkabidhi mtu mwingine simu yake pamoja na namba yake ya siri. Kuna mtu aliyekaa ofisini akaamua mpangilio ubadilike. Mpwa wangu alitaka kuwa kwenye chumba kile, kwa sababu yeye amemwona bibi akipotea na waliomo ndani hawajamwona.

Naieleza kazi hii kwa kirefu ili msomaji aone ni kitu gani hasa kilichoumia. Hakukosa mshahara peke yake. Alikuwa ameshaanza kuishi ndani ya ile kazi kichwani mwake, ameshatengeneza menyu kumi za bibi, na sasa anaambiwa nafasi ni ya mwingine mwenye uzoefu zaidi.

Siku za kwanza baada ya jibu la namna hiyo ni za kuangaliwa kwa makini, na nyumba nyingi huziharibu kwa upendo. Watu hukimbilia kutoa maelezo. Wa kwanza husema haikuwa riziki yako. Sipingani na neno hilo. Nimelisema mwenyewe kwenye misiba na kwenye mavuno mabaya, na najua linavyoweza kumshika mtu asianguke. Lakini mtu akipewa neno hilo peke yake, hapati cha kufanya kesho asubuhi. Wa pili husema bila koneksheni hupati kitu. Hilo nalo lina ukweli ndani yake. Kuna milango iliyofunguliwa kwa undugu, na kijana aliyeonewa hapaswi kuambiwa kwamba anawaza vibaya. Ubaya wake ni kwamba likikubaliwa kuwa ndilo jibu la kila kitu, kijana anaacha kujiuliza chochote kuhusu kazi yake mwenyewe. Wa tatu, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, husema kuna mkono wa mtu, nyota yako imefungwa, twende ikasafishwe. Nimeona familia iliyouza mbuzi kwa ajili ya nyota ya kijana mwenye shahada ya uhasibu, wakati fedha hizo zingemlipia nauli ya usaili mwingine na bado ikabaki ya chakula.

Dada yangu hakufanya lolote kati ya hayo matatu. Alimwuliza, "Mama, umekula?" Akampa ugali na mlenda, na hakumwuliza habari za kazi hadi mwenyewe alipoanza kuzungumza. Nadhani hicho ndicho kitu kikubwa alichofanyiwa katika habari yote hii. Kwa siku kadhaa kulikuwa na mahali ambapo cheo chake hakikubadilika: alikuwa binti wa nyumba ile kabla ya barua, na alikuwa binti wa nyumba ile baada ya barua.

Wapo pia waliomletea ule msemo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni msemo wa kweli, ila una siku yake. Mtu aliyevunjikiwa na koleo asubuhi hii anahitaji kwanza aruhusiwe kuitazama.

Alipoanza kuzungumza, alianza na hesabu. Hesabu ina faraja yake, nami nadhani tunaitumia kidogo mno. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 mwanzoni mwa mwaka 2025, watu 135,027 waliomba. Walioitwa kwenye usaili wa kuandika mwishoni mwa Machi walikuwa 112,952. Sasa tufikiri: hata kama waombaji wote wangekuwa wazuri, wote waaminifu, wote wamesoma usiku kucha, watu 133,431 walikuwa lazima wakose. Hakuna sala wala juhudi inayoweza kubadilisha namba hiyo. Viti ni viti. Kabla ya hapo, Juni 2014, zaidi ya vijana 10,000 walikaa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Picha zake zilienea nchi nzima. Mtu akizitazama zile nyuso akasema kwamba wote wale isipokuwa 70 hawakuwa na thamani, atakuwa amesema jambo la hovyo, na kila mmoja wetu atalisikia kuwa ni la hovyo. Lakini mtu huyohuyo anapopata barua yake peke yake, chumbani, bila uwanja wa kumwonyesha wenzake, hujiambia jambo lilelile la hovyo na kuliamini.

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, katika matangazo yake ya kuita watu kwenye usaili, huweka aya kwa ajili ya wale ambao majina yao hayamo. Huwaambia wasisite kuomba tena nafasi zitakapotangazwa. Ni lugha ya kiofisi, kavu, imewekwa kwenye orodha moja na maagizo ya kuja na vyeti halisi na onyo kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Watu huiruka. Mimi naiheshimu aya ile. Ofisi yenyewe inayokataa inasema mlango haujafungwa kwa mtu. Umefungwa kwa ombi hili, la tangazo hili, safari hii.

Kilichokataliwa ni ombi. Ombi ni karatasi, ni majibu ya saa moja, ni zoezi la siku mbili, ni jinsi mtu alivyojieleza Jumanne fulani mbele ya watu fulani waliokuwa wakimlinganisha na watu wengine asiowajua. Ombi lina kasoro na kasoro hizo zinaweza kutajwa, zikaandikwa, zikarekebishwa. Mtu mwenyewe hayupo kwenye meza ile. Hawakumjua vya kutosha kumkataa. Hawakumwona akimshika bibi yake mkono mbele ya kibanda cha wakala. Hawajui kwamba alisoma kidato cha tano na sita akiamka alfajiri kukamua ng'ombe, wala kwamba ndugu zake wanamwita yeye wanapogombana kwa sababu hapendelei upande. Wangeyajua hayo yote huenda bado wangemchagua yule mwingine, na wangekuwa na haki, kwa sababu walikuwa wanajaza nafasi ya kazi.

Kwa hiyo siipendi ile nasaha wanayopewa vijana kwenye semina za ajira, kwamba mwombaji ajione yeye mwenyewe kuwa bidhaa na aende kujiuza. Najua wanaoitoa wana nia njema. Wanataka kijana asiende na aibu, ajieleze, ataje alichofanya. Yote hayo ni mema. Ila kijana akishakubali kwamba yeye ndiye bidhaa, siku asiponunuliwa atabaki na nini? Itambidi aamini kwamba hana bei. Mpwa wangu alikuwa amefika hapo. Aliniambia, "Mjomba, labda mimi si mtu wa kazi hizi." Sikumjibu kwa kumsifu, maana sifa za mjomba hazina uzito kwenye jambo hilo. Nilimwuliza ni kitu gani katika zoezi lake angekibadilisha kama angelifanya leo. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja, na akataja kwa muda mrefu.

Tena kazi aliyoomba yenyewe ni kazi ya kukataliwa. Huduma ya M-Pesa, ambayo leo watu wa hapa wanaitaja kama wanavyotaja chumvi, haikuanza kama tunavyoijua. Majaribio yake yalipoanza Kenya mwaka 2005, yakisimamiwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na Safaricom, lengo lilikuwa wakopaji wa mikopo midogo wa taasisi ya Faulu warejeshe mikopo yao kwa simu. Watu walipopewa wakaitumia kwa shida zao wenyewe: huyu akamtumia fedha mke aliye mbali, yule akaweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili asiibiwe njiani, mwingine akamlipia mwenzake marejesho kwa makubaliano yao. Wateja walikuwa wanaikataa ile huduma iliyokusudiwa na kuonyesha nyingine waliyoihitaji. Wasimamizi wangeweza kuwalaumu kwamba hawakuelewa maelekezo. Walikaa wakatazama watu wanafanya nini hasa, wakaachana na mpango wa marejesho, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma fedha nyumbani. Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008 ikakutana na kukataliwa kwa namna nyingine: watu hawakuipokea kwa kasi ya Kenya. Nchi ni pana, watu wametawanyika, mawakala walikuwa wachache na wagumu kusimamiwa kutoka mbali. Ilibidi namna ya kuwapata mawakala na kuwasimamia ifikiriwe upya kwa ajili ya nchi hii.

Anayetaka kuishi katika kazi hiyo atakataliwa na wateja kila mwezi wa maisha yake, na kila mara itambidi arudi kwao na kitu kilichobadilika. Atakachohitaji ni uwezo wa kusikia hapana bila kuvunjika na bila kuziba masikio, na uwezo huo haufundishwi darasani. Nafikiri mpwa wangu aliupata katika miezi ile aliyokuwa nyumbani, akilinganisha zoezi lake na mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Aliwaandikia kwanza. Aliwashukuru na kuwauliza ni sehemu gani ya zoezi ilipungua, akasema wazi kwamba haombi uamuzi ubadilishwe. Wengi hawajibiwi wakiandika hivyo, na asiyejibiwa asichukue ukimya kuwa tusi la pili. Watu wana kazi nyingi. Yeye alijibiwa kwa mistari michache. Walisema alieleza vizuri shida ya mteja lakini hakuonyesha angejuaje kama dawa yake imefanya kazi. Angepima nini? Kwa muda gani? Angeacha lini?

Mistari ile michache ilikuwa na thamani kuliko semina nyingi. Msimu wa pamba ulipofunguliwa alipata kibarua cha ukarani kwenye chama cha msingi, kwenye mizani. Mchana alikuwa anaandika kilo za wakulima, na jioni alikaa kwenye benchi la wakala mmoja wa simu, kwa ruhusa yake, akiangalia. Msimu wa kuuza pamba ndio wakati ambapo fedha nyingi hupita katika mji huu kwa muda mfupi, kwa hiyo ukitaka kujua watu wanakwama wapi na simu zao huwezi kupata shule nzuri kuliko hiyo. Aliandika kwenye daftari: nani ameshindwa, ameshindwa kwenye hatua gani, amemwomba nani amsaidie, amempa namba ya siri au hakumpa. Halafu akachora karatasi yenye alama za kuwaongoza watumiaji wasiosoma, akaibandika kwenye kibanda cha yule wakala, akaendelea kuhesabu kama watu wanaotoa namba zao za siri wanapungua. Walipungua kwa mambo fulani. Kwa kutoa fedha hawakupungua, na akaandika hivyohivyo, kwamba hapo karatasi haikusaidia. Nilipoona ameandika pia pale alipokosa, nilijua sasa anaifanya ile kazi, ajiriwe asiajiriwe.

Nafasi ilipotangazwa tena, swali lililozuka nyumbani halikuwa la uwezo. Lilikuwa la heshima. Shemeji yangu, baba yake, ni mtu mwenye msimamo, na alisema mtu mwenye heshima zake harudi alikokataliwa. Sikulichukulia neno hilo kwa wepesi, kwa sababu linatoka mahali pema. Wazazi wetu walitulea tusiwe watu wa kujipendekeza. Mchumba akikataa, ukoo haurudii kugonga.

Lakini sisi Wasukuma tuna jambo jingine tuliloachiwa, nalo ni ngoma. Bagika na Bagalu, pande zetu mbili za ngoma, wamekuwa wakishindana kwa vizazi. Baada ya mavuno pande hizo hupiga ngoma zikitazamana uwanja mmoja, na mshindi hujulikana kwa watu: umati uko huru, na unakokimbilia ndiko kwenye ushindi. Manju anayeimba huona kwa macho yake watu wakimwacha, mmoja mmoja kisha kwa makundi, wakienda kwa mpinzani. Kukataliwa gani kunakozidi huko, mchana kweupe, mbele ya wakwe? Na msimu unaofuata manju huyo hurudi kwenye uwanja uleule akiwa na wimbo mpya, na mbwembwe mpya, pengine na nyoka au fisi wa kuchezesha, na wale waliomwacha ndio wanaokuja kwanza kuona safari hii amekuja na nini. Hakuna anayesema amejidhalilisha. Angejidhalilisha kama angerudi na wimbo uleule na kuulaumu umati. Nilimwambia shemeji hivyo, naye ni mtu wa ngoma tangu ujana wake, akaniangalia muda mrefu asinijibu.

Sisi wa Bariadi ya zamani tunamkumbuka pia John Momose Cheyo, aliyegombea urais mwaka 1995 na tena mwaka 2000, nchi ikamkataa mara zote mbili, na baadaye akakaa bungeni kama mbunge wa Bariadi Mashariki. Kila mtu na siasa zake. Nataja kurudi kwake tu.

Ila mfano ninaourudia zaidi ni wa Wangari Maathai wa Kenya, kwa sababu unaonyesha upande ambao nasaha nyingi huuficha. Mwaka 1982 alikuwa profesa mshiriki na mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alitaka kugombea ubunge, na ilimbidi ajiuzulu kwanza. Alipojiuzulu akaenguliwa kwenye kinyang'anyiro kwa hoja ya usajili wa wapiga kura. Alipokwenda chuoni kuomba arudishiwe kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, chuo kilikataa, na akatakiwa ahame nyumba ya chuo. Katika muda mfupi alikosa ubunge, kazi na nyumba. Kilichobaki mikononi mwake ni ile kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini aliyoianzisha mwaka 1977, ambayo hadi wakati huo aliifanya kandokando ya ualimu wake. Sasa akaipa siku zake zote.

Hakurudi kuugonga mlango wa chuo mwaka hadi mwaka. Ule aliuacha. Mlango wa bunge aliurudia: mwaka 1997 akagombea, ubunge na urais pia, akashindwa kote, mwaka 2002 akachaguliwa kuwa mbunge wa Tetu kwa kura nyingi mno. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, nayo ilikuwa kwa ajili ya kile kilichobaki mikononi mwake mwaka 1982. Tangu kuenguliwa hadi kuchaguliwa ilipita miaka 20. Sisemi kila aliyekataliwa atapewa tuzo. Wengi wanaovumilia hawapewi chochote, na uvumilivu wao ni mwema vilevile. Ninachokiona katika maisha ya mama yule ni kwamba alijua kuchagua. Kuna mlango aliourudia kwa sababu kilichokuwa ndani bado kilikuwa kazi yake, na kuna mlango alioupita bila kugeuka.

Swali hilo la kuchagua ndilo nililomwachia mpwa wangu, na nililiacha kweli, bila kumsukuma upande wowote. Ziko sababu nzuri za kutoomba tena. Mtu akiona kwamba anachotaka hasa ni kuwathibitishia waliomkataa kwamba walikosea, asubiri kwanza, kwa kuwa akipata kazi hiyo atakuwa mfungwa wao. Akiwa hana kipya cha kuwaonyesha, asubiri pia. Akiona katika alivyotendewa kwenye usaili palikuwa na dharau, au aliombwa kitu ambacho binti wa watu hapaswi kuombwa, asirudi kamwe, na nyumbani wasimwulize kwa nini anaichezea bahati. Na wapo ambao fedha za nauli na bando zimekwisha, mdogo wao anatakiwa kulipiwa shule, na jambo la heshima kwao ni kushika jembe msimu huu. Kuwaita hao watu waliokata tamaa ni kuwaonea.

Yeye aliamua kuomba. Kwenye barua aliandika wazi kwamba aliwahi kuomba nafasi hiyo na hakuchaguliwa, akataja walichomwambia kilipungua, akaeleza alichokifanya tangu hapo kwenye benchi la wakala, pamoja na ile sehemu ya kutoa fedha ambayo karatasi yake ilishindwa. Wapo waliomshauri afiche habari ya safari ya kwanza. Alisema hawezi kuanza kazi ya kuwasikiliza watu kwa kuwaficha jambo. Baba yake aliisoma barua ile usiku kabla haijatumwa, akiiweka karibu na taa, na akamrekebishia tarehe moja ya msimu wa pamba aliyoiandika vibaya.

Ameitwa kwenye mazungumzo ya kwanza. Yatafanyika kwa video, na kwa kuwa mtandao wa hapa hukatikakatika mchana, atakwenda Bariadi siku moja kabla, alale kwa shangazi yake. Nauli ametoa kwenye fedha zake za ukarani. Anasema safari hii na yeye ana maswali ya kuwauliza, na la kwanza ni hili: katika wateja wao wote, wangapi hawawezi kusoma menyu wanayoibonyeza, na ni nani pale ofisini mwenye kazi ya kuwahesabu.